Kidato cha Kwanza Wasome Hadithi Kwanza

Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza amekijua kama somo tu. Akiingia kidato cha kwanza, karibu kila kitabu anachopewa ni cha Kiingereza. Kuna wiki chache za kozi ya utangulizi, kisha mbio zinaanza. Katika kipindi cha Kiingereza chenyewe, kanuni za sarufi zinajaa ubaoni. Ikifika zamu ya fasihi, wanafunzi wananakili dhamira na sifa za wahusika wa kitabu ambacho wengi wao hawajakifungua. Naona tumeanzia mwisho. Anayeanza anahitaji kusoma hadithi nyingi, fupi na nyepesi, uchambuzi uje baadaye. Isitoshe, fani na maudhui atafundishwa vizuri tu katika kipindi cha Kiswahili.

Hili si wazo jipya. Mwaka 1984, Criper na Dodd walichunguza Kiingereza katika shule za Tanzania, wakaona wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu kiasi cha kufundishiwa masomo mengine. Mradi uliofuata, kwa fedha za Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha rahisi. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Fiji, ambako Elley na Mangubhai waliyapa madarasa ya shule za vijijini vitabu 250 vya hadithi. Katika ripoti yao ya mwaka 1983, watoto hao waliwapita mbali wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida, katika kusoma na hata katika kusikiliza. Sababu haiko mbali. Chukua ukurasa mmoja ambao Asha na Musa wanagombana sokoni: kila sentensi mbili tatu, msomaji anakutana na “he” au “she”, na asipozitofautisha hajui nani kamtukana nani. Kwa mtu ambaye “yeye” wake hana jinsia, ukurasa huo unamfunza mengi kuliko jedwali la viwakilishi, kwa kuwa anataka kujua ugomvi uliishaje.

Mwalimu atasema vitabu havipo. Ni kweli, ila darasa la wanafunzi 40 halihitaji nakala 40 za kitabu kimoja. Vitabu 40 tofauti, kila mtu na chake, wakibadilishana kila wiki, vinawatosha mwaka mzima. Atasema pia kwamba mtihani wa kidato cha nne hauulizi umesoma hadithi ngapi. Hauulizi, lakini unamtaka mtahiniwa ajenge hoja kwa kutumia kazi mbili alizosoma, na aliyekariri madesa hukwama swali likigeuzwa kidogo. Pingamizi zito zaidi ni kuwa Fiji walikuwa watoto wa msingi, na kijana wa miaka 14 ataona hadithi nyepesi zinamdhalilisha. Hapo uchaguzi wa vitabu ndio kazi yenyewe: lugha iwe rahisi, mambo yawe ya rika lake, kama mapenzi, madeni, ushirikina na safari za mjini. Wapo watakaosema dawa ni kufundishia sekondari kwa Kiswahili. Mimi pia naliunga mkono hilo, lakini hata siku hiyo ikifika, Kiingereza kitabaki somo, na somo hilo litahitaji kitabu cha kusomwa.