URITHI WA DAMU NA MALARIA

Watoto wawili huweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria, mmoja akaugua sana na mwenzake akaugua kidogo tu. Kwa nini? Sababu ni nyingi. Moja kati ya hizo ni urithi.

Kila mtu hurithi kwa baba na mama maagizo yanayoongoza maumbile ya mwili wake. Maagizo hayo huitwa jeni. Ziko jeni zinazoongoza jinsi damu inavyotengenezwa.

Vijidudu vya malaria hukua ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida chembe hizo ni za mviringo, kama kisahani. Lakini baadhi ya watu wana jeni ya selimundu, ambayo huweza kuzifanya zipinde kama mundu.

Mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa na afya njema. Vijidudu vya malaria havistawi katika chembe zake, na mwili huziondoa upesi chembe zilizoingiliwa. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison alitangaza matokeo ya kuwapima damu watoto wa Uganda. Miongoni mwa waliokuwa na jeni moja ya selimundu, watoto 28 hivi katika kila 100 walikuwa na vijidudu vya malaria. Miongoni mwa wasiokuwa nayo, walikuwa 46 hivi.

Aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo ya damu. Mgonjwa hupata maumivu makali na hupungukiwa damu, na akipata malaria huwa hatarini sana. Ugonjwa huu hauambukizwi, wala hauletwi na uchawi. Mwenzako akiwa nao, usimtenge. Akipata homa au maumivu, mwarifu mwalimu mara moja ili apelekwe hospitali.

Kumbuka kwamba jeni hiyo hupunguza ukali wa malaria tu, haizuii kabisa. Kwa hiyo kila mtu na alale ndani ya chandarua.

Maswali
1. Jeni ni nini?
2. Vijidudu vya malaria hukua wapi mwilini?
3. Eleza tofauti kati ya kurithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja na kuirithi kwa wazazi wawili.