Tuzo za Mafundi wa Sinema

Neno tuzo latokana na kutuza, na mwenye kutuzwa aghalabu huwa mbele ya macho ya watu: mwimbaji au mcheza ngoma aliyependeza, naye hupewa fedha papo hapo, watu wakishuhudia. Lakini zipo tuzo za namna nyingine, zitolewazo kwa watu wasioonekana, kwa kazi ambayo ikifanywa vema haitambulikani. Mfano ulio wazi ni tuzo za sayansi na ufundi za Akademia ya Sanaa na Sayansi za Sinema ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1927.

Akademia hiyo ilianza kutuza waigizaji na waongozaji mwaka 1929. Zamu ya mafundi ilifika mwaka 1931. Miongoni mwa waliotangulia ni kampuni za Electrical Research Products, RCA Photophone na RKO Radio Pictures, kwa vyombo vya kupunguza kelele katika kunasa sauti. Kelele hiyo yataka maelezo. Wakati ule sauti iliandikwa ukingoni mwa ukanda wa filamu, kandokando ya picha, kwa mstari mwembamba wa weusi na weupe. Mwanga ulipenyezwa katika mstari huo, ukaangukia chombo kilichougeuza kuwa umeme, na umeme ukageuzwa kuwa sauti. Penye ukimya mstari uliendelea kupitisha mwanga mwingi, na kila punje ya vumbi na kila mkwaruzo ukasikika. Basi waigizaji waliponyamaza, ukanda wenyewe ulisema. Vyombo vilivyotuzwa viliupunguza mwanga huo penye ukimya, hata mchakacho ukafifia. Sinema ilikuwa imejifunza kusema miaka michache tu nyuma, nayo ikawatuza mafundi wake wa kwanza kwa kuifundisha kunyamaza.

Tuzo hizi hazifungwi na filamu moja wala na mwaka wa uvumbuzi. Linalotakiwa ni kwamba kazi imekwisha kuthibitishwa kwa matumizi. Ndiyo maana huweza kuchelewa sana. Profesa Henri Chrétien wa Ufaransa alibuni katika miaka ya 1920 lenzi ya kuibana picha pana iingie katika ukanda wa kawaida, kisha ikunjuliwe wakati wa kuonyeshwa. Haikushika soko. Televisheni ilipoanza kuwapokonya wenye majumba ya sinema watazamaji wao, kampuni ya Twentieth Century-Fox iliichukua, ikaitumia katika The Robe ya mwaka 1953, na tuzo ya mwaka huo wakaipata Chrétien na wahandisi wa kampuni hiyo pamoja.

Garrett Brown hakungoja hivyo. Chombo chake, Steadicam, ni fulana ngumu yenye mkono wa springi unaobeba kamera, na betri huwekwa chini ili kusawazisha uzito. Mpiga picha hukimbia na picha isitikisike. Kilitumika katika Rocky ya mwaka 1976, na tuzo ikatolewa mwaka 1978. Mtazamaji humwona mwanamasumbwi apandaye ngazi za Philadelphia. Hamwoni aliyekuwa akikimbia naye.

Leo daraja ni tatu: sanamu, bamba na cheti. Hutolewa katika hafla ya peke yake, na usiku ule mkubwa unaotazamwa na dunia mafundi hutajwa kwa dakika chache tu. Yaweza kusemwa kwamba wanastahili zaidi, maana pasipo lenzi na ukanda hapana mwigizaji wa kutuzwa. Hata hivyo sherehe yao ina faida moja: wanaowapima ni watu waijuao kazi.

Mwaka 2014 sanamu ilitolewa bila jina la mtu, kwa wote waliojenga na kuendesha maabara za kusafishia filamu kwa muda wa zaidi ya karne moja. Maabara nyingi kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kufungwa, kazi yake ikiwa imechukuliwa na kamera za dijitali.