Je, Wajua? Kirungu, Pingu na Risasi Vina Mpaka Wake

Mfaranyaki, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Songea, habari za polisi hazikauki vijiweni. Leo bodaboda kasimamishwa, kesho kijana kachukuliwa usiku, keshokutwa kuna aliyepigwa virungu ilhali pingu zilikuwa tayari mikononi. Mabishano huishia palepale: "Si wana mamlaka?" Wanayo. Ila mamlaka hayo yamewekewa kipimo na sheria, na kipimo chenyewe wengi wetu hatujawahi kusomewa.

Je, wajua kwamba nguvu iliyokuwa halali saa nne kamili inaweza kuwa kosa saa nne na dakika moja?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985, inamkataza anayemkamata mtu kutumia nguvu kubwa kuliko inayohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Haikuishia kwenye kipigo. Inakataza pia kumdhalilisha mtu kuliko inavyolazimu. Kumvua mtu shati katikati ya soko, au kumburuza mbele ya wanawe wakati amekubali kwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe, kunaguswa na katazo hilohilo.

Ndiyo maana kinachotazamwa ni ile dakika yenyewe. Mtu anayerusha ngumi na kumkaba askari anaweza kudhibitiwa kwa kirungu, na hakuna wa kulalamika. Akishalazwa chini, mikono nyuma, pingu zimefungwa, haja ya kirungu imekwisha. Pigo linalofuata hapo halimkamati mtu, kwa kuwa ameshakamatwa. Hilo ni shambulio kama shambulio jingine lolote, na sare haiwezi kulibadilisha. Wala haijalishi mtu huyo anatuhumiwa kwa wizi wa kuku au kwa mauaji: adhabu ni kazi ya mahakama, na haianzi barabarani.

Je, wajua kwamba sheria hiyo inakubana hata wewe raia?

Katazo la nguvu iliyozidi limeandikwa kwa ajili ya askari na kwa mtu mwingine yeyote anayemkamata mwenzake. Mgambo yumo, sungusungu yumo, mlinzi wa duka yumo, jirani aliyesikia yowe la mwizi yumo. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu katika mazingira fulani, lakini akishamkamata anatakiwa kumfikisha kwa polisi bila kuchelewa. Tumezoea kusikia redioni kwamba mtuhumiwa ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hao ni chombo cha dola chenye ofisi na mhuri. Hawana kibali hicho. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu watu walewale wanaolaani kipigo cha kituoni huonekana mara nyingi wakiokota mawe mwizi anapopita.

Je, wajua kwamba kukimbia peke yake hakumpi askari ruhusa ya kuua?

Sheria yetu ya 1985 inasema askari asifanye tendo linaloweza kumuua mtu anayekimbia asikamatwe, isipokuwa anaamini, kwa sababu za msingi, kwamba tendo hilo ni la lazima ili kuokoa maisha au kuzuia mtu mwingine asiumizwe vibaya. Tena, inapowezekana, mkimbiaji kwanza aitwe ajisalimishe.

Mwaka huohuo wa 1985, mwezi Machi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifikia karibu hapohapo. Kesi ilimhusu Edward Garner, kijana wa miaka 15, aliyepigwa risasi ya kisogoni huko Memphis mwaka 1974 akiparamia uzio. Aliyempiga alikiri kwamba alikuwa na uhakika wa kutosha kuwa kijana hana silaha. Mahakama ikasema serikali haiwezi kumuua mshukiwa asiye hatari ili mradi tu asitoroke. Nchi mbili zisizofanana kwa lolote, na jawabu moja. Bodaboda anayekata kona kwa kasi kwa kuwa leseni yake imekwisha muda hajamtishia mtu maisha kwa kukimbia tu.

Hata hivyo, kuna mlango mwingine uliobaki wazi. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inaruhusu silaha kutumika dhidi ya mtu aliyeshtakiwa au kuhukumiwa kwa kosa kubwa anapotoroka kutoka chini ya ulinzi, baada ya kuonywa na pale askari anapoamini hakuna njia nyingine ya kumzuia. Kwa maoni yangu mlango huo ni mpana mno. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka bunduki itumike kwa kusudi la kuua pale tu ambapo haiepukiki ili kuokoa maisha. Kosa lililoandikwa katika hati ya mashtaka halitoshi kutuambia kama anayekimbia ni hatari kwa mtu sasa hivi.

Je, wajua kwamba gesi ya machozi imepigwa marufuku vitani?

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1993 unaokataza silaha za kemikali unazuia majeshi kuitumia gesi hiyo kama mbinu ya kivita, lakini unaziachia nchi kuitumia kutuliza ghasia za ndani. Askari anayekabiliana na adui mpakani haruhusiwi kumfyatulia gesi ambayo raia aliye sokoni anaweza kufyatuliwa.

Na bomu la machozi linaua. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa akiwa karibu kabisa na mfyatuaji, huku amezingirwa na askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikamtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Picha iliyopigwa siku ile ilizunguka dunia nzima. Silaha ile hupewa askari ili atawanye umati, na aliyekuwa amezingirwa hakuwa na pa kutawanyikia.

Je, wajua kwamba kabla ya kuwatawanya wafanya ghasia kwa nguvu, kuna tangazo linalotolewa kwa jina la Rais?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema watu watatu wanatosha kufanya mkusanyiko usio halali. Wakifika 12 na kufanya ghasia, hakimu, au ofisa wa polisi kuanzia cheo cha mkaguzi, anaweza kutangaza kwa jina la Rais kwamba watawanyike kwa amani. Muda wa kutosha ukipita na bado wapo, nguvu inaweza kutumika.

Namba hiyo 12 ina umri mkubwa. Inatoka katika sheria ya ghasia ya Uingereza ya mwaka 1714, iliyodai tangazo lisomwe kwa jina la Mfalme mbele ya watu 12 au zaidi, kisha wapewe saa moja. Waingereza wenyewe waliifuta sheria hiyo karne iliyopita, ila katika vitabu vyetu namba hiyo ingali hai.

Kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu ni kikali, nacho kisomwe kizima. Kinamkinga askari asishtakiwe hata mtu akifa, mradi nguvu ilikuwa ile iliyohitajika kushinda ukaidi uliokuwepo. Wanaopenda kukinukuu huishia kwenye kinga na kuruka sharti lake.

Je, wajua kwamba Songea ilishaupitia mtihani huu?

Februari 2012 mji ulikuwa na hofu. Watu walikuwa wakiuawa mfululizo, na minong'ono ilihusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Tarehe 22 wakazi, waendesha bodaboda wakiwa mstari wa mbele, waliandamana kudai ulinzi. Waliingia barabarani kwa sababu waliona vyombo vya dola havijawalinda. Siku hiyo yalipigwa mabomu ya machozi, kisha risasi za moto. Watu wasiopungua wawili wakafa kwa risasi.



Tukilipima tukio la namna hii kwa sheria, swali la kama umati ulikuwa na fujo halitoshi. Umati haupigwi risasi, anapigwa mtu. Kwa kila risasi panaulizwa: yule aliyelengwa alikuwa anafanya nini sekunde ile? Alikuwa karibu kumuua au kumjeruhi nani? Alionywa? Kulikuwa na njia nyingine? Jiwe linaweza kuua, hilo ni kweli, na askari aliyezingirwa na warusha mawe ana haki ya kujitetea kama binadamu yeyote. Lakini jiwe la mtu aliye mbele halihalalishi risasi kwa aliye nyuma yake, wala kwa aliyegeuza mgongo anakimbia.

Je, wajua kwamba risasi ya hewani ina pa kutua?

Risasi ya bunduki ikipigwa juu inaweza kupanda zaidi ya kilomita mbili, kisha ikarudi chini ikiwa bado na uwezo wa kuua. Hata risasi isiyolenga mtu humpata mtu. Februari 16, 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa abiria ndani ya daladala huko Kinondoni, Dar es Salaam, wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha siasa. Risasi ikamkuta humohumo. Mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka akalifunga jalada.

Je, wajua kwamba "majibizano ya risasi" yamewahi kukataliwa mahakamani?

Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge (ile ya Ulanga, Morogoro, si Mahenge yetu ya Songea) pamoja na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam. Polisi wakasema ni majambazi waliouawa wakirushiana risasi na askari. Ndugu wakakataa. Rais akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikabaini kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia askari wote walioshtakiwa kwa mauaji hayo. Serikali ikakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamhukumu ofisa mmoja kunyongwa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuisahihisha mahakamani taarifa iliyotolewa kwa siku moja.

Je, wajua kwamba Kenya "niliagizwa na mkubwa" si utetezi?

Sheria ya polisi ya Kenya ya mwaka 2011 inasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa hakumwondolei askari kosa la kutumia nguvu isivyo halali. Nguvu ikisababisha kifo au jeraha kubwa, taarifa lazima ifike IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Sisi tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko dhidi ya polisi pamoja na taasisi nyingine zote za umma. Chombo huru cha polisi peke yao hatuna, na tunakihitaji. Leo aliyepigwa kituoni hurudi kituoni kuomba PF3, fomu itakayotumika kuthibitisha kwamba alipigwa.

Je, wajua kwamba kifo cha mahabusu hakimalizwi kwa taarifa ya kamanda kwa waandishi?

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani pafanyike uchunguzi rasmi mbele ya hakimu, ambako ndugu wanaweza kufika na mashahidi kuhojiwa. Familia nyingi huzika bila kujua kwamba zina haki ya kuudai. Na anayetaka kuishtaki Serikali kwa madai ya fidia anatakiwa kwanza kuipa notisi ya maandishi ya siku 90. Tarehe ya tukio, jina la kituo, namba ya askari ikionekana, cheti cha daktari na majina ya walioshuhudia viandikwe siku hiyohiyo, kabla ya kuanua matanga.