Fahamu: Mrengo wa kulia uliowahi kuvuma Kenya

Kiganjo ya leo, mjini Thika, ni ya nyumba za kupanga na bodaboda. Miaka ya 1950 eneo hili la Thika lilikuwa la kahawa na katani, na wenye mashamba walikuwa walowezi wa Kizungu.

Mwaka 1959 Group Captain Briggs alianzisha United Party, chama cha kutetea walowezi kama hao. Msimamo wake: Nyanda za Juu zibaki za Wazungu, shule zisichanganywe, na utawala wa Waafrika walio wengi uzuiwe. Michael Blundell, mlowezi mwenzao, aliona hilo haliwezekani tena. Aliporudi kutoka mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House, London, mwaka 1960, alitupiwa sarafu 30 miguuni, kama Yuda. (Naam, kwa kukubali tu kwamba Waafrika watatawala.)

Ferdinand Cavendish-Bentinck naye akaacha uspika wa Baraza la Kutunga Sheria, akaunda chama cha Kenya Coalition. Sasa hoja kuu ikawa fidia ya mashamba. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 alipambana na Blundell kuwania kiti cha Bonde la Ufa. Wazungu wengi walimpigia kura Cavendish-Bentinck. Kura za Waafrika ndizo zilizompitisha Blundell.