Bibi Anahitaji Kivuli: Miti, Wazee na Uwanja wa Mtaa

Mama mkwe wangu alipofiwa na mumewe, tulimchukua kutoka Masasi tukamleta kwetu Mbagala. Tuliona tumefanya jambo jema, na kwa kweli lilikuwa jema. Tulimpa chumba chake, kitanda chenye chandarua, na kiti kizuri mbele ya televisheni. Ua wetu tulikuwa tumeusakafia kwa saruji ili watoto wasichafuke, na ukuta tulikuwa tumeuinua kwa sababu ya wezi. Baada ya miezi mitatu, yule mama aliyekuja akiwa mcheshi akawa hasemi. Chakula alikigusa tu. Tulimpeleka hospitali, wakampima presha na sukari, wakasema ni umri.

Siku moja alitutoroka. Nilimkuta nyuma ya nyumba za majirani, kwenye uwanja mdogo wenye mwembe mmoja, amekaa juu ya gogo pamoja na akina mama wauza vitumbua, anacheka. Aliponiona alisema, "Mama Neema, usinikasirikie mwanangu. Kule ndani hakuna upepo wala mtu wa kuniamkia."

Maneno yale yalinichoma moyo. Tulimpa bibi kila kitu isipokuwa kivuli na watu. Tangu siku ile nimejifunza kwamba katika mji wetu mambo haya mawili hukaa pamoja: mti ukikatwa, mzee naye hurudi ndani. Ndugu msomaji, hebu tuangalie jambo hili kwa makini, kwa maana wengi wetu tuna mzee nyumbani, na sisi wenyewe tunaelekea huko.

MAJINA YAMEBAKI, MITI IMEKWENDA

Tazama majina ya mitaa ya Dar es Salaam. Kinondoni kuna Mkwajuni. Magomeni kuna Mwembechai. Temeke kuna uwanja wa Mwembe Yanga. Kuna Mikocheni, palipopewa jina la mikoche, na Mabibo, jina la tunda la mkorosho. Katikati ya mji kuna Mnazi Mmoja. Waliotutangulia waliutambua mji kwa miti yake, kwa sababu chini ya mti ndipo watu walipokutana. Leo waweza kupita mitaa mingi yenye majina hayo bila kuona hata mti mmoja wa aina iliyotajwa.

Si kwamba mji haukupangiwa nafasi. Bustani ya Mimea ya mjini ilianzishwa mwaka 1893, enzi za Wajerumani, na ingalipo. Sehemu zilizopimwa miaka ya 1970, kama Sinza na Kijitonyama, ziliachiwa viwanja vya wazi ndani ya makazi ili watoto wacheze na watu wapumzike. Lakini uwanja usio na mwenyewe huonekana kama mali ya yeyote atakayewahi. Kwanza huja gereji chini ya mti, kisha kibanda, kisha fremu za maduka, na mwishowe nyumba. Vingi vimekwenda kwa njia hiyo.

Hasara yake kubwa humwangukia mzee. Mwili wa mtu mzima sana hautoi jasho vizuri kama wa kijana, wala hausikii kiu mapema. Mwezi Januari na Februari, wakati joto letu linapopita nyuzi 30, chumba chenye bati bila dari huwa kama tanuri kuanzia saa sita mchana. Mti hufanya kazi mbili ambazo bati haliwezi. Huzuia jua, na tena majani yake hutoa unyevu unaopoza hewa. Zaidi ya hayo, mti humtoa mzee nje. Anayetembea hatua mia mbili kwenda kukaa na wenzake amenyoosha miguu, amesikia habari, na ameamkiwa na watoto. Kwa mzee mambo hayo ni sehemu ya tiba.

NANI MWENYE KAZI HII?

Katika nchi nyingine miji huwa na idara nzima ya bustani, yenye watu wa kupogoa miti na wa kuandaa michezo ya wazee. Kwetu kazi hiyo imegawanyika, na ndiyo maana wengi hatujui pa kugonga hodi. Ndani ya manispaa, miti na usafi wa maeneo ya wazi hushughulikiwa na watu wa mazingira. Ramani inayoonyesha kiwanja kipi ni cha umma iko kwa watu wa mipango miji. Mambo ya wazee yako kwa maofisa wa ustawi wa jamii. Mlango wa kuingilia kote huko ni mmoja nao uko karibu nawe: ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji.

Mzee ana haki yake katika sera. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Yako pia mabaraza ya wazee, ambayo kazi yake ni kupeleka sauti yao mbele. Kila tarehe 1 Oktoba huadhimishwa Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Wazee wasio na ndugu wa kuwatunza serikali imewawekea makazi, kama yale ya Nunge huko Kigamboni. Lakini wazee walio wengi hawako kwenye makazi hayo. Wako kwetu, vyumba vya uani, wakingoja turudi kazini.

Nasi tulijifunza njia ya ofisini kwa taabu. Kiangazi kimoja mtu alirundika takataka chini ya ule mwembe akazichoma, na upande mmoja wa mti ukakauka. Haukupita muda lori likamwaga matofali uwanjani. Tulikwenda ofisini akina mama sita wa jumuiya yetu pamoja na jirani zetu wawili Waislamu, tukiwa na hasira nyingi. Tukaulizwa swali moja tu: "Mna barua?" Hatukuwa nayo.

Basi tulirudi tukaanza upya, na huu ndio utaratibu tuliofundishwa. Jambo lisemwe kwanza katika mkutano wa mtaa na liandikwe katika muhtasari. Barua iandikwe kwa mtendaji, iambatanishwe na muhtasari pamoja na majina na sahihi za wakazi, na nakala ipelekwe kwa diwani. Mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha ombeni kuonyeshwa ramani. Sisi tulikwenda mara nne. Mara ya nne ramani ilifunguliwa mbele yetu, na uwanja ule ulikuwa umeandikwa kuwa ni eneo la wazi. Matofali yaliondolewa. Vibanda viwili vilivyotangulia upande wa barabara vimebaki mpaka leo. Sitawadanganya kwamba tulishinda yote.

MTI HUTUNZWA KAMA MTOTO

Kupanda mti ni kazi ya siku moja, bali kuutunza ni kazi ya miaka. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alianza na miti saba tu katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1977. Kati ya hiyo saba ni miwili tu iliyonusurika. Hakukata tamaa. Aligeukia akina mama wa vijijini, watu wanaojua kunyesha na kulinda, na kazi ikaenea nchi nzima. Mwaka 1989, wakubwa walipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, ni yeye aliyesimama na kupiga kelele kwa barua. Alitukanwa, lakini jengo halikujengwa, na watu wa Nairobi wamebaki na bustani yao.

Haya ndiyo ya kuzingatia kwa mti wa mtaani kwetu:

Chagua mti kwa kazi yake. Ashoki hupendeza kando ya ukuta, lakini huenda juu kama mshumaa wala hakai mtu kivulini mwake. Kwa kivuli panda mwembe, mzambarau, mkungu au mwarobaini. Mwarobaini huvumilia mchanga na ukame wa kwetu kuliko mingi. Miche hupatikana kwenye bustani za kando ya barabara na katika vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu.

Panda mvua zinapoanza, iwe masika au vuli. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza, kisha uurudishe. Chana kiriba na kukitoa chote. Wengi husahau, na mizizi hubaki imefungwa.

Kaa mbali na msingi wa nyumba, shimo la choo na nyaya za umeme. Matawi yakishafika kwenye nyaya usimpandishe kijana na panga. Toa taarifa TANESCO.

Zungushia miti ya kuzuia mbuzi. Weka majani makavu kuzunguka shina ili unyevu usipotee, lakini yasiligusse gome. Kiangazi cha kwanza na cha pili mpe ndoo moja mara mbili kwa wiki. Maji ya kusuuzia mboga au mchele yanafaa.

Usichome taka chini ya mti, usipigilie misumari ya matangazo, wala usimwage mafuta ya gari au sabuni kali. Gome ndilo linalopitisha chakula cha mti. Likichunwa kuzunguka shina lote, mti hufa.

Ukipogoa, kata kwanza kidogo upande wa chini wa tawi, kisha juu, ili lisianguke na kuchana gome. Kata karibu na ule uvimbe unaounganisha tawi na shina, bila kuukata uvimbe wenyewe. Hapo ndipo jeraha linapojifunga.

Ule mwembe wetu ulitunzwa hivyo. Upande uliokauka ulikatwa kwa idhini ya ofisi, na upande wa pili ulichipua na kuzaa.

CHINI YA MTI WAFANYE NINI?

Kukaa tu si vibaya, lakini mzee hufurahi zaidi akihitajika. Sisi tulianza na Alhamisi moja kwa wiki, kuanzia saa kumi jioni jua linapopoa. Benchi tatu zenye egemeo zilitengenezwa na fundi wa mtaani, kwa maana mzee hainuki kwa urahisi kutoka kwenye gogo. Wababa walileta bao na drafti. Akina bibi walileta ukili na vitambaa vya kufuma, na baada ya wiki chache wasichana walikuja kujifunza. Mara moja kwa mwezi muuguzi aliyestaafu, jirani yetu, huwapima presha. Tunachanga uji na maji ya kunywa. Wimbo hauachi kuimbwa, na siku hiyo mjukuu mmoja kwa kila nyumba ana zamu ya kumshika bibi au babu mkono kumvusha barabara.

Tulikubaliana pia kwamba hapo si mahali pa kugombania dini wala siasa. Mti ni wa mtaa mzima.

Mama mpendwa, huna haja ya kungoja mtaa wote uamke. Anza na mzee wako. Muulize, "Mama, ungependa ukae wapi jioni?" Huenda jibu likakushangaza. Kama huna uwanja, vunja kipande cha ile saruji ya uani, upande mti mmoja, na ufungue lango saa za jioni ili jirani mzee aingie kukaa.

ALIYEPANDA AKIWA MZEE

Katika Mwanzo sura ya 21 tunasoma kwamba Ibrahimu alipanda mkwaju huko Beer-sheba, akaliitia hapo jina la Bwana. Wengi hupita mstari huo haraka. Lakini angalia umri wake: Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka mia moja, na mti ule ulipandwa baada ya hapo. Mzee wa zaidi ya miaka mia alishika mche mkononi. Naye nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipotaka kuwaonyesha watu mji uliobarikiwa, hakutaja majumba. Alitaja wazee wa kiume na wa kike wameketi njiani na mikongojo yao, na watoto wakicheza karibu nao.

Mama mkwe wangu naye, mwaka wake wa mwisho, alitaka apewe mche wa mzambarau aupande kando ya mwembe. Kijana mmoja alimtania, "Bibi, hizo zambarau utazila lini?" Akamjibu, "Sipandi zambarau, mjukuu wangu. Napanda mahali pa kukaa."

Sasa mzambarau ule umenipita kimo. Zamu ya kuunyesha ni yangu siku za Jumanne na Ijumaa, na Neema hunisaidia kubeba ndoo. Bwana atujalie kuwaheshimu wazee wetu wangali hai, na kuwatunzia kivuli wale watakaotuzeesha sisi.