Je, Wajua? Dawa Isiyongoja Basi la Arua

Je, wajua kuwa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, imo kwenye mojawapo ya ramani maarufu za saratani ya watoto? Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya. Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu, akashika njia kuelekea kusini akiuliza hospitali kwa hospitali nani amewaona watoto wa namna hiyo. Alizunguka wiki 10, zaidi ya kilomita 16,000, akichora ramani ya saratani hiyo, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mmoja wa wenzake wawili garini alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua.

Mwaka uleule Burkitt alipomwona mtoto wa kwanza, 1957, huko Marekani, Hal Anger aliunda kamera ya gama. Eksirei hummulika mtu kutoka nje. Kamera hii haimuliki chochote: mgonjwa anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, na mionzi inatoka mwilini mwake.

Je, wajua kwamba dawa hizo huchakaa zikiwa njiani? Tekineti, inayotumika sana kwenye kamera ya gama, hupungua nusu kila baada ya saa 6. Haisafirishwi yenyewe. Kinachopandishwa ndege ni mama yake, molibdeni, anayeizaa huku akipungua nusu kwa saa 66, na hospitali humkamua kila asubuhi kama ng'ombe.

Florini ya kipimo cha PET, picha nyingine ya mionzi itokayo mwilini, hufungwa kwenye sukari, nayo ndiyo haina subira kabisa: dakika 110, nusu imekwenda. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Ipakie kwenye basi, lichukue saa 9, na itakayofika ni kama asilimia 3 tu ya ile iliyopakiwa. Bado hujaanza safari ya Omugo, huko huko West Nile. Ndiyo maana mgonjwa ndiye anayeifuata dawa, mpaka penye mashine ya kuitengeneza, saiklotroni. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, inayo. Hata mtu wa kwanza kupigwa picha kwa sukari hiyo, Philadelphia mwaka 1976, aliletewa dozi yake kwa ndege kutoka maabara ya Brookhaven.

Ni sukari kweli, iliyofungwa florini. Seli nyingi za saratani zina ulafi wa sukari, kwa hiyo huwaka pichani. Ubongo nao huwaka, maana haushibi. Kibofu huwaka kwa sababu dawa hutokea huko. Na kifua kikuu huwaka vilevile, jambo zito katika nchi zetu: doa kwenye pafu linaweza kuwa TB tupu. Ndiyo maana hakuna picha inayokaa mahali pa kinyama kilichokatwa na kutazamwa kwa hadubini.

Ukienda PET, usile kwa saa 6, usifanye kazi ngumu tangu jana yake, na ukishadungwa utulie kama saa nzima. Aliyekuja akiendesha baiskeli atawaka mapaja.

Tekineti kwa mifupa ni nafuu, na huonyesha kuanzia fuvu mpaka vidole vya miguu kwa mara moja. Ila inachoona ni mfupa unaojijenga upya. Mguu uliovunjwa na boda boda mwaka jana unaweza bado kung'aa, na saratani ya uboho, inayobomoa bila mfupa kujikarabati, mara nyingi itapita bila kuonekana.

Saratani ya tezi dume mara nyingi haina hamu kubwa ya sukari. Yenyewe hutafutwa kwa gali 68, inayopungua nusu kwa dakika 68 (namba zimelingana kwa bahati tu). Mama yake, gerimani, hupungua nusu kwa siku 271, kwa hiyo chombo kimoja huhudumia hospitali miezi mingi bila saiklotroni.

Je, wajua kuwa iodini 131 huonyesha saratani ya tezi ya shingo na pia huiua? Hupungua nusu kwa siku 8. Hii ingefika Omugo bila wasiwasi.

Na limfoma ya Burkitt? Zamani ilisakwa kwa gali 67, na picha ilipigwa siku 2 au 3 baada ya sindano. Uvimbe huo unaweza kukua maradufu kwa siku 1 au 2, basi kabla ya picha kutoka ungeshakuwa mwingine. PET hujibu siku ileile. Lakini watoto wengi wa Afrika Mashariki hupimwa kwa altrasaundi, uboho na maji ya uti wa mgongo, na dawa zinaanza.

Maji ya uti wa mgongo Omugo wanayajua vizuri. Kituo chake cha malale kiliyapima ili kujua kama vimelea vimeshafika kwenye ubongo, na mwaka 2001 hadi 2004 kilikuwa mahali pa jaribio lililosaidia kuonyesha kwamba nifurtimoksi na eflonithini zikitumiwa pamoja hutibu hatua hiyo ya pili ya ugonjwa.