MIKUTANO MIKUU NA MAONYESHO YA NAIROBI YAMHUSU NINI MKULIMA WA MARANI?

Mara kwa mara watu husikia katika redio ya kwamba wataalamu fulani wamekusanyika Nairobi kwa mkutano mkuu, au ya kwamba maonyesho ya biashara yamefunguliwa huko. Marani, katika vilima vilivyo kaskazini ya mji wa Kisii, habari hizo aghalabu huachwa zipite kama shughuli za watu wa mjini, zisizomhusu mtu mwenye kahawa, chai na migomba yake. Twaona yafaa kueleza mambo hayo ni nini, maana yanamhusu.

Kwanza tutenganishe mkutano na maonyesho. Mkutano wa kitaalamu ni baraza la watu wa kazi moja, kama vile madaktari, wahandisi au wahasibu. Husomeana taarifa za kazi zao, hupingana, na kila mmoja hurudi na maarifa ya wenzake. Mgonjwa aliyetembea mwendo mrefu akaambiwa daktari yuko mkutanoni huweza kunung'unika, na ikiwa hakuachwa mtu wa kushika zamu ana haki ya kunung'unika. Lakini ajue ya kwamba katika Kenya daktari hana budi kuonyesha kuwa anaendelea kujifunza ndipo apewe upya ruhusa yake ya mwaka ya kutibu, na mikutano hiyo ni njia mojawapo inayohesabiwa.

Maonyesho ya biashara ni soko la namna yake. Mwenye bidhaa hukodi nafasi, akaweka vitu vyake na watu wa kuvieleza. Haja yake kubwa si kuuza kimoja kimoja, bali ni kumpata mnunuzi wa mzigo mkubwa au wakala wa kumwuzia mahali pengine. Yaliyo karibu zaidi na mkulima ni yale ya Chama cha Kilimo cha Kenya, yafanywayo katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi. Chama hicho kilianzishwa na walowezi mwaka 1901. Hapo ng'ombe hushindanishwa, mbegu na mashine huonyeshwa, na mtu aweza kumwuliza mtaalamu maswali bila malipo zaidi ya kiingilio.

Sasa tuje kwenye jumba lenyewe la mikutano, lile refu la mviringo ambalo wengi wameliona katika picha. Hapo mwanzo lilikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilipokubali kufanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, jengo likapanuliwa, nalo likafunguliwa mwaka 1973. Katika mkutano huo wa Septemba 1973 mkuu wa Benki, Bwana Robert McNamara, alitumia hotuba yake kuzungumzia mkulima mwenye shamba dogo. Alitaka ifikapo mwaka 1985 mazao ya mashamba madogo yawe yanaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka. Ndiyo kusema mtu wa Marani alitajwa katika baraza la mabwana fedha wa dunia, ingawa si kwa jina lake, wala hakuwapo.

Mei 1976 ulikuja mwingine, mkutano wa nne wa Umoja wa Mataifa juu ya biashara na maendeleo. Huu wahusu sana nchi ya Kisii. Wajumbe walipitisha azimio la kutengeneza bei za bidhaa 18 zisipande na kushuka ovyo, na miongoni mwa bidhaa hizo zilikuwamo kahawa, chai na ndizi. Kwa Wagusii kahawa si jambo geni: Kisii ilikuwa pamoja na Meru na Embu katika sehemu za kwanza ambazo Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuipanda, katika miaka ya 1930.

Je, azimio lile lilileta nini? Mfuko wa pamoja uliokusudiwa kushika bei ulikubaliwa mwaka 1980, ukiwa mdogo kuliko ulivyoombwa, wala haukuanza kazi kisheria mpaka Juni 1989. Mwezi uliofuata, Julai 1989, mapatano ya dunia ya kugawana viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Kenya, iliyokuwa imevuna zaidi ya tani 120,000 katika msimu wa 1987/88, haijafikia tena kiasi hicho. Si bei ya dunia peke yake iliyofanya hivyo, kwani madeni na uongozi mbaya katika vyama vingi vya ushirika vilichangia. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mahindi na migomba.

Basi azimio si mkataba, na mkataba si fedha. Mwenye kusikia ya kwamba jambo "limepitishwa Nairobi" yafaa aulize: nani ametia sahihi, nani atalipa, na lini? Desemba 2015 mawaziri wa biashara wa dunia walikutana katika jumba lile lile wakakubaliana kuondoa ruzuku za kuuza mazao ya shamba nchi za nje. Hilo lilikuwa sharti lenye muda wake: nchi tajiri mara moja, isipokuwa kwa mazao machache, na nyingine baadaye.

Kwenda Nairobi ni gharama, kwani nauli, chakula na malazi havikosi. Ni afadhali chama cha ushirika kitume watu wawili kuliko ishirini kwenda kutazama. Mmoja wao awe mama, kwa sababu kazi nyingi ya kuchuma hufanywa na kina mama. Wachukue kahawa kidogo iliyokauka vizuri, na hesabu ya kilo ambazo chama chaweza kutoa kwa msimu, maana hilo ndilo swali la kwanza la mnunuzi. Wasilipe amana kwa mtu wa kibandani kwa ahadi ya mdomo tu. Wakirudi, wasome taarifa yao mbele ya wanachama, pamoja na hesabu ya fedha walizotumia.